Sauti Inapokwaruza na Kukatikakatika: Ushauri kwa Wanaotengeneza Muziki Nyumbani

Maelezo yaliyotolewa mbele ya vijana, walimu wa kwaya na mafundi wa sauti katika kikao cha mafunzo ya ubunifu wa kidijitali



Mada ya leo ni ndogo ikitazamwa kwa mbali, lakini imewagharimu watu pesa, usingizi na heshima mbele ya wateja. Siku hizi studio si lazima iwe jumba la mjini. Kipakatalishi kimoja, kipaza sauti, visikizio na programu ya muziki vinatosha kumfanya kijana anase nyimbo za kwaya, tangazo la duka, wimbo wa harusi au mashairi ya babu yake akiwa nyumbani. Wengi wameanza hivyo. Na wengi wamekwama mahali pale pale: wimbo unachezwa, spika zinaanza kutoa mikwaruzo, ngoma inagugumia, kisha sauti inakatika.

Chukulieni mfano wa kijana mmoja anayerekodi katika chumba cha nyuma nyumbani kwao. Kwaya ya mtaa imempa arubuni ya shilingi 5,000 ili anase nyimbo 6, na zinatakiwa kabla ya Jumapili ya mavuno. Kunasa kumeenda vizuri. Usiku wa Jumatano anafungua kazi ili aanze kuchanganya sauti. Spika zinalia kama bisi zinazokaangwa. Anazima mashine, anaiwasha tena, na mambo ni yale yale. Asubuhi anamwendea mamake.

"Mama, mashine imekufa."

"Na pesa za watu, mwanangu?"

"Nikipata kipakatalishi kipya kazi itaisha."

Mama ni mwanachama wa chama, na mwezi huu ni zamu yake. Pesa hizo alikuwa amezipanga kwa karo ya binti yake. Sasa anaanza kufikiria kuzigeuza.

Kabla ya mama huyo kuzigusa pesa hizo, kuna mambo ya kukaguliwa. Mara nyingi mashine haijafa. Imepangwa vibaya, imebebeshwa mzigo, imepata joto, au kosa liko kwenye waya wala si kwenye mashine. Ukaguzi wenyewe haudai pesa. Unadai saa moja na utaratibu.

Sauti husafiri vipi ndani ya kompyuta

Kompyuta haishiki sauti kama utepe wa kaseti ulivyoishika. Huigawa katika vipande vidogo sana viitwavyo sampuli. Sauti ya diski ya CD ina sampuli 44,100 kwa kila sekunde. Sauti ya video kwa kawaida huwa na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kompyuta haiwezi kushughulikia sampuli moja moja, kwa hiyo huzikusanya katika fungu, hulikamilisha fungu hilo, kisha hulipeleka kwenye spika. Fungu hilo ndilo mafundi huliita bafa.

Fikirieni nyumba yenye pipa la maji lenye bomba chini. Bomba limefunguliwa, nalo halifungwi kamwe. Kijana anachota maji kisimani na kujaza pipa. Akiwahi kurudi kabla pipa halijakauka, maji yanatiririka bila kukatika. Akichelewa kidogo, bomba linatema hewa. Spika ni bomba hilo, na kompyuta ni mchota maji. Mkwaruzo unaosikika ni bomba kutema hewa: fungu la sampuli halikufika kwa wakati, na mahali pake pakabaki pengo.

Wakati wenyewe ni mfupi ajabu. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100, ni kama milisekunde 5.8. Yaani kompyuta ina chini ya sehemu 6 kati ya 1,000 za sekunde kuandaa kila fungu, na hairuhusiwi kukosa hata mara moja. Kompyuta inaweza kuwa na nguvu nyingi kwa jumla, lakini ikishughulishwa na jambo jingine kwa kitambo kidogo tu, sauti inakatika. Ndiyo maana hata mashine mpya ya bei ghali hukwaruza ikipangwa vibaya.

Jaribio la kwanza: tatizo liko wapi?

Kosa kubwa la wengi ni kuanza kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Fundi mwenye busara huanza kwa kuuliza: je, mkwaruzo uko ndani ya wimbo, au unatokea tu wakati wimbo unachezwa?

Jibu hupatikana kwa urahisi. Wimbo utolewe kuwa faili kamili ya WAV, kisha faili hiyo isikilizwe kwenye simu kwa visikizio vya waya. Programu inapotoa faili kwa njia hii, haikimbizani na saa. Ikihitaji dakika 5 kuandaa wimbo wa dakika 3, itachukua dakika hizo 5 wala hakuna kitakachokatika. Kwa hiyo matokeo huwa haya:

Faili ikiwa safi kwenye simu, muziki ni mzima. Tatizo ni kompyuta kushindwa kuucheza kwa wakati. Hapo dawa ni bafa, draiva, mipangilio na kupunguza mzigo.

Faili ikikwaruza mahali pale pale kila inapochezwa, kosa limo ndani ya wimbo wenyewe. Huenda sauti ilinaswa ikiwa kubwa kupita kiasi, au zilipochanganywa zilivuka kipimo.

Ikiwa kila kitu kinakwaruza kwenye kompyuta hiyo, hata wimbo wa kawaida usiohusiana na kazi, basi kichunguzwe kile kilicho nje ya programu ya muziki: spika, waya, tundu la visikizio au draiva ya kadi ya sauti.

Kijana wetu alipofanya jaribio hili, nyimbo 5 zilitoka safi kabisa kwenye simu. Mashine haikuwa imefuta wala kuharibu kitu. Wimbo wa sita ulikwaruza kwenye simu pia, kila mwimbaji alipopandisha sauti. Kwa hiyo alikuwa na matatizo mawili tofauti, na kila moja lilikuwa na dawa yake. Wimbo huo wa sita utarudiwa baadaye katika maelezo haya.

Dawa ya kwanza: kupanga bafa

Katika ukurasa wa mipangilio ya sauti wa programu nyingi za muziki, kuna mahali pa kuchagua ukubwa wa bafa: 64, 128, 256, 512, 1,024 au 2,048. Kadiri bafa inavyokuwa kubwa, ndivyo pipa linavyokuwa kubwa na mchota maji anavyopata nafasi ya kupumua.

Basi kwa nini isiwekwe kubwa siku zote? Kwa sababu maji yanayoingia kwenye pipa kubwa huchukua muda kufika kwenye bomba. Bafa ya 1,024 inachelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi kwenda, na ucheleweshaji mwingine hutokea wakati wa kuingia. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta atasikia sauti yake ikimfuata nyuma, na ataanza kuvuta mdundo. Mpiga kinanda naye atabonyeza sasa na kusikia baadaye.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili kwa kazi mbili. Wakati wa kunasa sauti, bafa iwe ndogo, 128 au 256, na wimbo uwe mwepesi, bila madoido mengi. Wakati wa kuchanganya, hakuna anayeimba tena, kwa hiyo bafa ipandishwe hadi 1,024 au 2,048. Hakuna ubora wa sauti unaopotea kwa kupandisha bafa. Kinachobadilika ni muda wa kusubiri tu.

Kijana wetu alikuwa amenasa kwa bafa ya 128, jambo ambalo ni sawa. Kosa lake ni kwamba aliiacha hapo hapo alipoanza kuchanganya nyuzi 24 za sauti zenye mapambo.

Baadhi ya programu husaidia kuona tatizo. FL Studio huhesabu mara ambazo fungu lilichelewa, na hesabu hiyo huonekana kwenye mipangilio ya sauti. Reaper ina dirisha linaloonyesha mzigo wa kila wimbo-mkondo. Audacity, inayopatikana bila malipo, hupima bafa kwa milisekunde badala ya sampuli. Aangaliaye namba hizi hahitaji kubahatisha.

Draiva: mlango kati ya programu na kadi ya sauti

Draiva ni programu ndogo inayounganisha mfumo wa kompyuta na kifaa. Kwenye Windows, njia za zamani za kupitisha sauti zilibuniwa kwa ajili ya milio ya kawaida na sinema, wala si kwa kunasa muziki. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa njia iitwayo ASIO, inayopitisha sauti moja kwa moja bila kuzungukazunguka ndani ya mfumo. Tangu hapo imekuwa njia ya kawaida ya watengenezaji wa muziki wanaotumia Windows.

Mwenye kifaa cha nje cha sauti, kile kinachochomekwa kwa USB na kuingizwa kipaza sauti, atumie draiva iliyotolewa na mtengenezaji wa kifaa hicho. Asiye na kifaa anaweza kutumia ASIO4ALL, inayopatikana bila malipo na kufanya kazi na kadi nyingi za kawaida. Wenye kompyuta za Apple hawahitaji ASIO, kwa sababu mfumo wao una njia yake iitwayo Core Audio. Wenye Linux hutumia JACK au PipeWire.

Jambo moja husahaulika mara kwa mara. Draiva za ASIO mara nyingi hupenda kukishika kifaa peke yake. Kivinjari kikiwa kinacheza video wakati programu ya muziki imefunguliwa, viwili hivyo vinaweza kung'ang'ania mlango mmoja. Matokeo ni ukimya, ujumbe wa kosa au mikwaruzo. Kivinjari kifungwe.

Namba mbili zisizopatana

Tatizo jingine la kimyakimya ni kasi ya sampuli kutofautiana. Mradi umepangwa 44,100, lakini kadi ya sauti au mfumo wa Windows umepangwa 48,000. Kompyuta hulazimika kubadilisha kila sampuli ikiwa safarini. Mara nyingine hubadilisha vizuri, mara nyingine hutokea vishindo vidogo vidogo, na mara nyingine wimbo mzima hupanda au kushuka ufunguo, hadi mwalimu wa kwaya aseme hiyo si sauti ya watu wake.

Dawa ni kuchagua namba moja na kuitumia kila mahali: kwenye mradi, kwenye kifaa cha sauti na kwenye mipangilio ya mfumo. Nyimbo za kusikilizwa tu zinaweza kubaki 44,100. Kazi itakayowekwa kwenye video ianze na 48,000. Hakuna haja ya mwanagenzi kukimbilia 96,000. Namba hiyo huongeza kazi ya kompyuta na ukubwa wa faili zaidi ya mara mbili ukilinganisha na 44,100, na tofauti kwa msikilizaji wa kawaida ni vigumu kuisikia.

Mashine iliyochoka

Baada ya mipangilio ya sauti, mashine yenyewe ikaguliwe.

Kwanza, stima na betri. Kipakatalishi kinachotumia betri hupunguza mwendo wake ili kuokoa nguvu. Hilo ni jema kwa kuandika barua, si kwa muziki. Wakati wa kuchanganya, chaja ichomekwe na mpango wa nguvu uwekwe kwenye utendaji wa juu. Kwenye Windows pia kuna mpangilio unaozima matundu ya USB yanapoonekana hayatumiki. Mpangilio huo uondolewe, la sivyo kifaa cha sauti kinaweza kusinzia katikati ya wimbo.

Pili, joto. Kompyuta ikipata joto kali hujipunguzia mwendo ili isiungue. Kijana wetu alikuwa akifanya kazi kitandani, kipakatalishi kikiwa juu ya godoro, katika chumba cha mabati. Matundu ya hewa yaliyo chini ya mashine yalikuwa yamezibwa na shuka. Kwa dakika 10 za kwanza sauti ilikuwa nzuri, kisha mikwaruzo ilianza. Dalili ya kuanza vizuri na kuharibika baadaye ni dalili ya joto. Dawa yake ni meza, au hata ubao wa mkate unaoinua mashine kidogo ili hewa ipite. Vumbi kwenye feni lisafishwe na fundi, hasa kwa wale wanaoishi karibu na barabara za murramu.

Tatu, mawasiliano ya hewani. Draiva za Wi-Fi na Bluetooth huweza kuisimamisha kompyuta kwa kitambo kidogo sana, lakini kitambo hicho kinatosha kukausha pipa. Wakati wa kunasa na kuchanganya, vyote viwili vizimwe. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo LatencyMon inayoonyesha ni draiva gani inayochelewesha mashine. Ikiachwa iendelee kwa dakika 10, hutoa jibu lililo wazi kuliko kukisia.

Nne, kumbukumbu na diski. Dakika moja ya sauti ya stereo ya biti 16 kwa sampuli 44,100 huchukua kama megabaiti 10.6. Nyuzi 24 zikisomwa kwa pamoja kutoka diski ya zamani inayozunguka, tena iliyojaa hadi pomoni, sindano yake hupata taabu ya kukimbia huku na huku. Nafasi ipatikane kwenye diski. Anayeweza kuongeza kitu kimoja tu kwenye kipakatalishi cha zamani, abadilishe diski hiyo kwa SSD, kwa kuwa bei yake ni ndogo mno kuliko ya kompyuta nzima. Mradi usifunguliwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Unakiliwe kwanza ndani ya kompyuta.

Kupunguza mzigo bila kuharibu wimbo

Kila pambo la sauti, liwe mwangwi, kisawazisha au kibanio, ni kazi ya kukokotoa. Mwangwi unaoiga ukumbi halisi ni miongoni mwa yaliyo mazito. Mwanagenzi huweka mwangwi kwenye kila mwimbaji, waimbaji 16, mwangwi 16. Fundi huweka mwangwi mmoja kwenye mkondo wa pamoja, kisha hutuma waimbaji wote huko kwa viwango tofauti. Mzigo hupungua sana, na waimbaji husikika kama waliosimama katika ukumbi mmoja, jambo ambalo ndilo lililotakiwa tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kugandisha. Programu nyingi huruhusu wimbo-mkondo ugeuzwe kuwa sauti ya kawaida, pamoja na mapambo yake, ili kompyuta isikokotoe tena kila unapochezwa. Ala za ndani ya kompyuta, kama kinanda au ngoma za kidijitali, ndizo za kugandishwa kwanza. Likihitajika badiliko, mkondo hugandamuliwa.

Jambo la tatu linawashangaza wengi. Kipimo cha kompyuta kinaweza kuonyesha kwamba nguvu iliyotumika ni ndogo, na bado sauti ikakatika. Sababu ni kwamba mapambo yaliyo katika msururu mmoja hulazimika kusubiriana, na mara nyingi msururu huo hushughulikiwa na kiini kimoja tu cha prosesa huku vingine vikiwa vimekaa. Msururu wa mapambo mazito kwenye mkondo mkuu wa mwisho huwa ndio unaoziba njia. Wakati wa kazi uzimwe, uwashwe mwishoni wimbo unapotolewa.

Inafaa pia kusema wazi kwamba programu zilizovunjwa kufuli na kusambazwa kwa flashi ni hatari. Nyingi hubeba virusi vinavyokula nguvu ya mashine, na kazi ya mteja inaweza kupotea nazo. Audacity, LMMS na Ardour ni programu huria ambazo mtu anaweza kujifunzia bila kuvunja sheria.

Waya, matundu na stima

Si kila mkwaruzo ni wa kompyuta. Waya ukishikwa na kutikiswa kidogo huku wimbo ukichezwa, na mkwaruzo ukaitikia, mwenye kosa amepatikana. Tundu la visikizio likiwa limelegea, fundi huweza kulibadilisha. Kifaa cha sauti kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyaji cha USB kilichobeba pia kipanya, flashi na chaja ya simu. Visikizio vya Bluetooth visitumike kunasa wala kuchanganya, kwa sababu ucheleweshaji wake ni mkubwa mno na sauti hubanwa njiani.

Mvumo mzito usiokoma ni jambo tofauti na mkwaruzo. Stima ya Kenya ni ya volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo huo hutokana na mizunguko hiyo kuingia kwenye njia ya sauti. Mara nyingi huletwa na vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi za mbali. Vyote vichomekwe kwenye soketi za pamoja, au chaja ichomolewe kwa muda ili kujaribu. Wako wanaokata pini ya tatu ya plagi, ile ya ardhi, ili mvumo utoweke. Hilo lisifanywe kamwe. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mwimbaji anayeshika kipaza sauti cha chuma akiwa peku kwenye sakafu ya saruji.

Kile kisichotengenezeka

Sasa maelezo yarudi kwenye wimbo wa sita. Wimbo huo uliongozwa na bibi wa makamo makubwa, mmoja wa waanzilishi wa kwaya, aliyekuwa amekuja kutoka bara kumwona mwanawe na kukaa wiki mbili. Alipoimba kwa upole, kila kitu kilikuwa sawa. Alipofika kwenye kiitikio akapaza sauti, taa nyekundu ya kipimo ikawaka. Kijana aliiona. Alimwonea haya bibi kumkatiza, akaacha.

Katika sauti ya kidijitali, kipimo cha juu kabisa ni desibeli 0. Hakuna kitu juu yake. Sauti inayovuka hapo hukatwa kichwa, na kichwa hicho hakihifadhiwi popote. Bafa haiwezi kukirudisha, draiva haiwezi, wala kipakatalishi cha shilingi laki mbili hakiwezi. Zipo programu zinazokisia umbo lililopotea na kulainisha makali, na kwa makosa madogo husaidia. Kwa sauti iliyokatwa mstari baada ya mstari, hubaki kiraka.

Kinga yake ni rahisi na haina gharama. Kabla ya kunasa, mwimbaji aombwe aimbe sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote, siyo kuhesabu moja mbili tatu. Kiwango kipunguzwe hadi vilele vifike kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Kunasa kuwe kwa biti 24, ambapo sauti ya chini huweza kupandishwa baadaye bila kuleta kelele nyingi. Na taa nyekundu ikiwaka, mwimbaji asimamishwe kwa adabu: "Shikamoo bibi, tafadhali turudie kidogo, kosa ni la mashine." Hakuna mzee atakayekasirika. Kunasa tena huchukua dakika 5 bibi akiwa bado yupo.

Utaratibu wa kufuata

Kwa ufupi, anayepatwa na mikwaruzo afuate hatua hizi, moja baada ya nyingine, na asikilize baada ya kila moja:

1. Ahifadhi nakala ya mradi mahali pa pili kabla ya kugusa chochote.
2. Atoe wimbo kuwa WAV na kuusikiliza kwenye simu.
3. Atikise waya na ajaribu visikizio vingine.
4. Apandishe bafa hadi 1,024 au zaidi wakati wa kuchanganya.
5. Akague draiva, na ahakikishe kasi ya sampuli ni moja kila mahali.
6. Achomeke chaja, achague utendaji wa juu, aweke mashine mezani.
7. Azime Wi-Fi na Bluetooth, afunge kivinjari.
8. Agandishe mikondo mizito na atumie mwangwi mmoja wa pamoja.
9. Apate nafasi kwenye diski.
10. Haya yote yakishindikana, ndipo azungumze na fundi, na mwisho kabisa ndipo afikirie kununua.

Kijana wa mfano wetu alifika hatua ya saba siku ya Alhamisi jioni, na nyimbo 5 zikachezwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Mama alisikia kutoka jikoni, akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu juu ya pesa za chama. Jumatatu alizipeleka shuleni.

Kuhusu wimbo wa sita, kijana alimwendea mwalimu wa kwaya na kumweleza ukweli. Bibi alikuwa amesharudi bara. Kwaya ilinasa wimbo huo upya na mwimbaji mwingine, ukatoka safi. Faili ya zamani haikufutwa. Imehifadhiwa kama ilivyo, na mikwaruzo yake, kwa sababu familia iliiomba.

Ndugu wananchi, Katiba ya 2010 iliziweka taasisi za ufundi za vijijini chini ya serikali za kaunti, na kazi ya sauti ni ufundi kama useremala na ushonaji. Kijana anayejua kukagua mashine kwa utaratibu anaweza kuwakagulia wengine na kulipwa kwa haki. Vikundi vinahimizwa kuibandika orodha hii ukutani pale panaponasiwa nyimbo, na wazazi wanahimizwa kuuliza swali moja kabla ya kutoa pesa: "Umejaribu kuusikiliza kwenye simu?"